Mizani ya Mhakiki: Jinsi Michezo ya Video ya Kijapani Inavyohakikiwa na Kupewa Alama

Utangulizi

Uhakiki ni kazi kongwe. Palipo na msanii pana hadhira, na palipo na hadhira hapakosi mtu wa kusema hili ni zuri na lile lina kasoro. Katika fasihi ya Kiswahili, mhakiki huchambua maudhui na fani, akaeleza na kutoa hoja, lakini ni nadra kumwona akiandika mwishoni kwamba riwaya fulani imepata alama nane kati ya kumi. Kazi ya kutia alama imeachiwa wasahihishaji wa mitihani pamoja na waamuzi wa tamasha za muziki na drama. Hata hivyo, ipo sanaa moja ya kisasa ambamo hoja na alama huzaliwa pamoja kama pacha. Sanaa hiyo ni michezo ya video.

Sanaa hii si ngeni katika mazingira ya wasomaji wa jarida hili. Kiamunyi, mtaa ulio kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Eldama Ravine, ni kama mitaa mingine ya mji: vijana hukutana mbele ya runinga, wakalipia mchezo kwa zamu, na anayeshindwa humwachia mwenzake kidhibiti. Sehemu kubwa ya wanachokichezea ina asili ya Japani. PlayStation ni mashine ya kampuni ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994. Tekken, mchezo wa mapigano, ni kazi ya Namco. Pro Evolution Soccer, kandanda iliyoshindana kwa miaka mingi na FIFA, ni kazi ya Konami. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni alisajiliwa na timu ya kulipwa ya UYU kwa ustadi wake katika Tekken 7. Kwa hivyo michezo hii imekwisha kuwa sehemu ya utamaduni wa vijana wa Kenya, ingawa wanaoipima na kuipa alama wako mbali.

Makala haya yanaeleza namna wahakiki wanavyoipima michezo hiyo, yanaonyesha matatizo ya upimaji wenyewe, kisha yanadondoa mafunzo kwa mwanafunzi wa uhakiki wa Kiswahili.

Meza ya watu wanne

Nchini Japani, jina lenye uzito mkubwa katika uhakiki wa michezo ya video ni jarida la Famitsu, lililoanzishwa mwaka 1986. Utaratibu wake ni rahisi. Mchezo mmoja hupewa wahakiki wanne. Kila mmoja huandika maoni mafupi, sentensi chache tu, na kutoa alama kati ya kumi. Alama hizo hujumlishwa, na jumla ya juu kabisa ni 40.

Msomaji aliyepitia shule ya upili nchini Kenya hatakosa kukumbuka kwamba karatasi ya Insha katika mtihani wa KCSE nayo hutahiniwa kwa alama 40, yaani insha mbili za alama 20 kila moja. Hata hivyo, mfanano huo ni wa tarakimu tu. Wasahihishaji wa insha huongozwa na mwongozo mmoja, na juhudi zote hufanywa ili msahihishaji wa kwanza na wa pili wasitofautiane sana. Tofauti kati yao huhesabiwa kuwa kasoro. Katika Famitsu, kinyume chake, tofauti huchapishwa waziwazi. Mhakiki mmoja anaweza kutoa tisa na mwenzake saba, na msomaji akaziona alama zote mbili pamoja na sababu zake. Jarida halidai kwamba wanne hao wana jicho moja.

Kwa muda mrefu alama kamili ilikuwa kama nyota ya mbali. Kuanzia 1986 hadi 1998 hakuna mchezo uliopata 40. Wa kwanza kuipata ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time wa kampuni ya Nintendo, mwaka 1998. Ukafuatiwa na Soulcalibur mwaka 1999, kisha Vagrant Story mwaka 2000. Mchezo wa kwanza kutoka nje ya Japani kuifikia alama hiyo ulikuwa Skyrim wa Marekani, mwaka 2011. Tangu hapo orodha imerefuka hadi kupita michezo ishirini. Wapo wanaosema kwamba michezo imeboreka, na wapo wanaosema kwamba mizani imelegea. Hoja zote mbili zina mashiko, kwa kuwa mizani haiwezi kujipima yenyewe.

Kutoka arobaini hadi mia

Katika nchi za Magharibi kila jarida lilikuwa na kipimo chake. Jarida la Edge la Uingereza, lililoanza mwaka 1993, lilitumia alama kumi na lilizitoa kwa uchache mkubwa. Mchezo wa kwanza kupewa kumi humo ulikuwa Super Mario 64 wa Nintendo, mwaka 1996. Majarida mengine yalitumia asilimia, mengine nyota tano, mengine herufi kama za ripoti ya shule.

Mwaka 2001 ilianzishwa tovuti ya Metacritic, ambayo iliukusanya utitiri huo na kuutia katika chungu kimoja. Tovuti hii huchukua alama za wahakiki wengi, huzigeuza zote ziwe kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani. Nyota nne kati ya tano huwa 80. Wastani wenyewe si wa kawaida, kwani baadhi ya majarida hupewa uzito zaidi kuliko mengine, na tovuti haitangazi ni yapi na kwa kiasi gani. Mwishoni hutokea tarakimu moja yenye rangi: kijani kwa michezo iliyosifiwa, manjano kwa ya wastani, nyekundu kwa iliyoshutumiwa. Kwa kipimo hiki Ocarina of Time ina 99, Tekken 3 ina 96, na Elden Ring ya mwaka 2022 ina 96.

Vigezo na utendaji

Je, mhakiki hutazama nini? Hapo zamani majarida mengi yaliugawa mchezo katika vipengele: picha, sauti, udhibiti, na muda ambao mchezo unaweza kumshughulisha mtu kabla ya kumchosha. Kila kipengele kilipewa alama yake, kama mwalimu anavyogawa alama za maudhui, msamiati, mtindo na sarufi. Baadaye wengi waliacha mgawanyo huo na kutoa alama moja ya jumla, kwa hoja kwamba sanaa si jumla ya viungo vyake. Mchezo unaweza kuwa na picha duni ukapendwa, na mwingine ukawa na picha za kuvutia macho lakini ukamchosha mchezaji kabla ya saa moja kwisha.

Kigezo kisichopatikana katika uhakiki wa riwaya ni udhibiti, yaani jinsi mhusika anavyotii kidole cha mchezaji. Katika Tekken, pigo likichelewa kidogo tu baada ya kitufe kubonyezwa, mchezo mzima umeharibika. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata nafasi ya kuchangia kwa nadharia anayoijua vizuri. Mchezo wa video unakaribiana zaidi na fasihi simulizi kuliko riwaya. Diski ni kama ngano iliyomo kichwani mwa mtambaji: haijawa kazi kamili mpaka itendwe. Mchezaji ni fanani, na papo hapo ni hadhira. Wanaosubiri zamu nyuma yake, wakimcheka na kumshangilia, ni hadhira nyingine. Kwa hivyo mhakiki anapotoa alama, kwa kiasi fulani anaupima utendaji wake mwenyewe: ustadi wake, subira yake na mahali alipochezea.

Mahali hapo aghalabu ni chumba cha mtu mmoja mwenye haraka. Kampuni huwapelekea wahakiki nakala kabla ya siku ya mauzo kwa sharti la kutochapisha maoni hadi saa iliyowekwa. Mchezo kama Persona 5 unaweza kumla mchezaji saa mia moja hivi, nao mhakiki huenda akawa na siku chache tu. Mchezo wa mapigano, ambao utamu wake wote hutokana na watu wawili kukaa bega kwa bega, hupimwa na mtu aliye peke yake. Alama inayotokana na hali hiyo si uongo, ila haiwezi kueleza kila kinachotokea katika kibanda cha Kiamunyi siku ya Jumamosi.

Matatizo ya upimaji

Tatizo la kwanza ni pesa. Mwaka 2012 mmoja wa wamiliki wa studio ya Obsidian ya Marekani alieleza hadharani kwamba studio hiyo ingelipwa bahashishi endapo mchezo wake Fallout: New Vegas wa mwaka 2010 ungefikisha 85 katika Metacritic. Ulipata 84. Mfano huu si wa Japani, lakini mizani ni ileile inayotumiwa kwa michezo ya Japani, na unaonyesha kwamba alama moja inaweza kugusa sahani ya mtu ambaye mhakiki hajawahi kumwona.

Tatizo la pili ni kwamba kinachopimwa hubadilika. Kampuni ya Square Enix ilizindua Final Fantasy XIV mwaka 2010. Wahakiki waliuponda, wastani wake ukaishia chini ya nusu, na rais wa kampuni akaomba radhi. Mchezo huo ulifumuliwa chini ya uongozi wa Naoki Yoshida, ukarudi mwaka 2013 kwa jina la A Realm Reborn na kupokelewa vyema. Katika tukio hilo uhakiki mkali uliwafaa wachezaji na wasanii pia.

Konami nayo ilipitia njia iliyopinda kinyume. Pro Evolution Soccer ilisifiwa mno katika miaka ya 2000, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Septemba 2021 mchezo huo ulitoka kwa jina jipya la eFootball ukiwa na dosari tele, nyuso za wachezaji zikiwa zimepotoka, na kampuni ikalazimika kuomba radhi. Kijana aliyezoea kununua kwa kuamini sifa za jana angepotoka.

Tatizo la tatu, na ndilo kubwa, ni la jicho la mpimaji. Death Stranding wa Hideo Kojima, uliotoka mwaka 2019, ulipata 40 kati ya 40 katika Famitsu, huku wastani wake katika Metacritic ukiwa 82. Kazi ni moja, mizani ni mbili. Mwaka 2009 Keiji Inafune, wakati huo akiwa Capcom, alitamka kwamba sekta ya michezo ya Japani imekwisha, na wahakiki wengi wa Magharibi walikuwa na mtazamo kama huo. Mwaka 2017 The Legend of Zelda: Breath of the Wild ulipata 97 katika Metacritic. Kauli ya kwamba sanaa ya taifa zima imekufa ilidumu miaka isiyofika kumi.

Hata majina ya tanzu yana mzigo wake. Wahakiki wa Magharibi walibuni kifupi JRPG kwa michezo ya Kijapani ambamo mchezaji huvaa uhusika na kufuata hadithi ndefu. Mwaka 2023 Yoshida alieleza kwamba alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alilihisi kuwa la kibaguzi, kana kwamba kazi zao zilikuwa zikitengwa na nyingine.

Funzo kwa uhakiki wa Kiswahili

Malalamiko hayo si mapya kwa mwanafunzi wa ushairi. Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mjadala mkali ulizuka: je, shairi lisilo na vina na mizani ni shairi? Upande mmoja ulipima kwa kipimo cha arudhi, upande mwingine kwa kipimo kingine, na kila upande uliona mwenzake amepotoka. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lililosaidia baadaye ni wahakiki kuvitaja vigezo vyao waziwazi, ili msomaji ajue hukumu imetoka wapi.

Hivyo ndivyo alama inavyopaswa kutendewa. Tarakimu ni muhtasari wa hoja, na muhtasari usio na hoja ni kelele. Mwaka 2015 tovuti ya Eurogamer ya Uingereza iliacha kutoa alama kati ya kumi ili wasomaji wayasome maelezo yenyewe, ingawa mwaka 2023 ilirudi kwa kutumia nyota tano. Kuacha na kurudi huko kunaonyesha kwamba msomaji ana haki zote mbili: haki ya kupata jibu la haraka kabla hajatoa pesa yake, na haki ya kujua sababu.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba michezo ya video ya Kijapani hupimwa kwa mizani kuu mbili: ule wa Famitsu, unaoziacha sauti nne zisikike, na ule wa Metacritic, unaozichanganya sauti nyingi ziwe moja. Yameonyesha pia kwamba pesa, wakati na utamaduni wa mpimaji huingia katika alama bila kubisha hodi. Pengo lililopo ni la uhakiki wa michezo hii kwa Kiswahili. Istilahi nyingi zinazohitajika zipo tayari: fanani, hadhira, utendaji, mandhari, uhusika. Wanaoijua michezo wako Kiamunyi wakisubiri zamu, na wanaozijua istilahi wako madarasani. Mwanafunzi atakayewakutanisha atakuwa ameipa taaluma ya Kiswahili uwanja mpya, na atakuwa amewapa vijana hao hukumu iliyopimwa kwa mizani yao wenyewe.