Kete, Nafasi na Hamu ya Kujifunza: Vipengele vya Michezo katika Madarasa ya Shule za Msingi za Kawe

Deterding na wenzake (2011) wanafasili dhana hii kuwa ni matumizi ya vipengele vya usanifu wa michezo katika muktadha usio wa mchezo. Fasili hiyo inaacha wazi swali la ni vipengele vipi vinavyostahili kuchukuliwa. Katika maandishi mengi jibu limekuwa pointi, beji na ubao wa nafasi, pengine kwa sababu ni rahisi kuvitengeneza. Kwa shule za msingi za Tanzania jibu hilo lina kasoro, kwani ubao wa nafasi umekuwamo humo kwa miaka mingi.

Mwanafunzi wa shule ya umma katika kata ya Kawe, Manispaa ya Kinondoni, hurudi nyumbani mwisho wa muhula na ripoti yenye alama, wastani na nafasi: wa ngapi kati ya wangapi. Darasa la wanafunzi zaidi ya mia moja si jambo geni jijini Dar es Salaam. Chukulia mtoto aliyekuwa wa 93 kati ya 110. Ripoti inamweleza kuwa wenzake 92 wamemtangulia. Haimwelezi kosa lake lilikuwa wapi wala hatua inayofuata ni ipi.

Athari za nafasi zimepimwa pia katika ngazi ya shule. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, ulipanga shule za msingi kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba na kuyatangaza hadharani. Cilliers, Mbiti na Zeitlin (2021) walibaini kuwa ufaulu uliongezeka katika shule zilizoshika mkia wilayani mwao. Hata hivyo, walibaini pia kuwa baadhi ya wanafunzi waliondolewa katika darasa la mwisho kabla ya mtihani. Waliolipia gharama ya ubao huo ni watoto waliotarajiwa kuushusha. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa, kwa hoja kwamba utaratibu huo hauna tija. Nafasi katika ripoti ya mtoto ni suala jingine.

Nadharia ya motisha inaafiki tahadhari hiyo. Lepper, Greene na Nisbett (1973) walionesha kuwa watoto walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye walichora kwa hiari kidogo kuliko wasioahidiwa. Hanus na Fox (2015) walikuta motisha ya wanafunzi wa chuo ikishuka katika kozi iliyotumia beji na ubao wa nafasi.

Je, mchezo una nini zaidi ya tuzo? Jibu linaonekana katika mitaa ya Kawe kwenyewe, saa za jioni. Katika mdako, mchezaji hurusha jiwe juu, huchota vijiwe kutoka shimoni, hulidaka jiwe, kisha huvirudisha na kubakiza kimoja. Mzunguko unaofuata hubakiza viwili, na kuendelea. Ugumu unapanda kidogo kidogo. Anayekosa kudaka hujua papo hapo kuwa amekosa, na huwapisha wenzake akisubiri zamu nyingine. Hakuna anayeandika kosa lake. Aidha, msimamizi hayupo: jiwe lililoanguka ni ushahidi, na wapinzani ndio waamuzi. Bao nalo, lenye mashimo 32 na kete 64, humdai mchezaji akadirie kete ya mwisho itaangukia shimo gani kabla ya kuanza kutawanya. Hiyo ni hesabu ya kichwa, na wazee wa barazani huifanya bila kuahidiwa beji.

Mambo matatu yanajitokeza hapo: hatua zinazopanda, mrejesho wa papo hapo, na kosa lisilo na aibu ya kudumu. Yalifanyiwa majaribio mkoani Tanga kupitia shindano la Global Learning XPRIZE, ambapo watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu, kwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wa mwaka 2019, onebillion na Kitkit School, waligawana tuzo. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa nusu waliobaki hawapaswi kusahaulika.

Kawe haihitaji kusubiri vishikwambi. Kikwazo kikubwa ni mrejesho: mwalimu mwenye madaftari mia moja hawezi kusahihisha papo hapo, na daftari linaporudi baada ya siku tatu mtoto ameshasahau alichofikiri. Mdako unapendekeza njia. Vikundi vya watoto watano vikipewa kadi za maswali zilizopangwa kwa hatua, majibu yakiwa nyuma ya kadi, wenza husahihishana, na aliyekosa hurudia hatua ileile zamu yake ifikapo. Mwalimu hubaki na kazi ya kuzungukia vikundi vilivyokwama. Kadi hukatwa kutoka maboksi ya dukani. Kinachotakiwa kulindwa ni kwamba hatua aliyofikia mtoto isibandikwe ukutani, kwani ikibandikwa tu inageuka nafasi.