Je, Wajua? Sal, kisiwa kinachouza ukame wake

Je, wajua kuwa ukame nao ni mtaji? Kisiwa cha Sal, nchini Cabo Verde, kiko baharini kama kilomita 600 magharibi mwa Senegal. Hakina mto wala msitu, na mvua yake ni ya siku chache tu, nyingi zikiangukia kati ya Agosti na Oktoba. Lakini ndicho kinachopokea watalii wengi kuliko visiwa vingine vyote vya nchi hiyo. Wazungu hupanda ndege katikati ya baridi kali kwao, wakifuata mchanga mweupe wa Santa Maria na uhakika wa jua.

Ukame huo una chanzo. Visiwa vya Cabo Verde vilizaliwa na volkeno, na Sal ndicho kikongwe kati yao. Mamilioni ya miaka yamekisaga hadi kikabaki tambarare. Kilele chake, Monte Grande, kina mita 406 tu. Fogo, kisiwa chenye volkeno iliyolipuka mwaka 2014, hufika mita 2,829, hunasa mawingu na hulimwa kahawa. Mawingu yanayopita juu ya Sal hayakuti kitu cha kuyazuia. Pale Terra Boa pamekauka hata wageni hupelekwa mchana kutazama mazigazi: ziwa linang'aa mbele yao, na wakilisogelea halipo.

Biashara ya kwanza ilikuwa chumvi, na kisiwa kikapewa jina lake. Huko Pedra de Lume kuna kreta ya volkeno iliyozimika. Maji ya bahari hupenya chini kwa chini na kuchomoza ndani yake, jua na upepo huyakausha, chumvi hubaki. Mwaka 1804 lilichimbwa handaki kutoboa ukingo wa kreta ili mizigo isipandishwe mlima. Baadaye ikajengwa njia ya nyaya za juu zilizobeba ndoo za chumvi hadi ufukweni. Magofu ya mitambo hiyo bado yapo, na wageni hulipa kiingilio ili waelee katika maji yaliyokolea chumvi hata mwili hauzami.

Je, wajua pia kuwa uwanja wa ndege wa Sal ulianzishwa na Waitaliano? Mwaka 1939, enzi za Mussolini, walihitaji kituo cha kujaza mafuta njiani kwenda Amerika Kusini. Ardhi tambarare na anga lisilo na mawingu: rubani atake nini tena? Kisha ikaja siasa. Kuanzia 1963 nchi huru za Afrika zilianza kuifungia anga Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na ndege zake za kwenda Ulaya zikalazimika kulizunguka bara kwa upande wa magharibi. Zikawa zinatua Sal, wakati huo ikiwa bado mikononi mwa Ureno.

Hapa ndipo penye utamu. Cabo Verde ilipata uhuru tarehe 5 Julai 1975 chini ya PAIGC, chama kilichopigana vita vya ukombozi kwa msaada wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliyokuwa na makao Dar es Salaam. Ungetegemea ndege za makaburu zifukuzwe siku ya pili yake. Hazikufukuzwa. Serikali mpya ilirithi hazina tupu na ardhi inayokauka, na ada za kutua zilikuwa fedha za kigeni. Ni rahisi kuwalaumu ukiwa umekaa penye mvua.

Marubani na wahudumu wa ndege hizo walihitaji pa kulala, na huo ukawa mwanzo wa hoteli. Hadithi yake inaanzia Ubelgiji, nchi iliyompata mhandisi wake wa kwanza mwanamke, Marguerite Massart, mwaka 1922. Miaka mingi baadaye yeye na mumewe, Gaspard Vynckier, walijenga nyumba Santa Maria ili wakae kwenye jua. Nyumba hiyo ikapokea wafanyakazi wa ndege, ikawa hoteli ya Morabeza, ambayo hadi leo inafanya kazi.

Chakula hakitamshangaza Mswahili: kachupa ni mahindi na maharage yaliyochemshwa muda mrefu, pamoja na samaki au nyama, yaani kande kwa mwendo wa Atlantiki. Kiporo hukaangwa asubuhi na kuliwa na yai. Maji ya bombani hutoka baharini, yakiondolewa chumvi kwa mitambo inayokula umeme mwingi, kwa hiyo kuoga nusu saa ni israfu. Malaria isikutie hofu: Januari 2024 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Cabo Verde kuwa nchi isiyo na ugonjwa huo.

Wageni wengine huja kwa kuogelea. Cabo Verde ni miongoni mwa maeneo makubwa duniani ya kutagia mayai kwa kasa wenye vichwa vikubwa, na fukwe za Sal zimo. Hupanda pwani usiku, hasa Juni hadi Oktoba. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia ya vifaranga: ukiwa moto sana, huanguliwa majike. Tangu 2018 kuua kasa ni jinai. Ukienda msimu huo, fuatana na mlinzi wa kasa, na uzime tochi na simu, maana mwanga humfanya mama arudi baharini kabla hajataga.