Injili Isiyochaguliwa na Mhubiri

Chukua mwaka wowote uugawe kwa 3. Usipobakiza kitu, huo ni Mwaka C wa Kanisa. Ukibakiza 1 ni Mwaka A, ukibakiza 2 ni Mwaka B. Kwa hiyo 2026 ni Mwaka A, ingawa Kanisa liliuanza mapema, Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba 2025. Mwaka A tunamsikiliza Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka. Yohane hana mwaka wake: anasomwa zaidi katika Kwaresima na Pasaka, na anamsaidia Marko ambaye Injili yake ni fupi.

Mpangilio huu ulianza kutumika Majilio ya 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuagiza waamini wasomewe Biblia kwa upana zaidi. Kabla ya hapo masomo ya Dominika yalijirudia kila mwaka, na Marko alisikika kwa nadra. Leo kitabu cha masomo anachokifungua askofu kanisani kwake ndicho anachokifungua katekista anayeongoza ibada kwenye kigango kisicho na padre.

Kwa maoni yangu faida yake kubwa ni kwamba mhubiri hachagui. Tukiachiwa, sote tungerudia kurasa tunazozipenda: arusi ya Kana, mwana mpotevu, dhoruba iliyotulizwa. Kalenda haijui nani amefiwa, nani ana kesi ya shamba, wala nini kimetokea mpakani wiki hii. Inaleta somo la siku hiyo, na sisi ndio tunaolazimika kulifuata lilipo.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Alhamisi na Ijumaa, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi, wakajaa Benaco, wilayani Ngara, upande wa Tanzania. Dominika iliyofuata, 1 Mei, ilikuwa ya tano ya Pasaka, Mwaka B. Injili yake ni Yohane 15:1-8, mzabibu na matawi. Wiki moja baadaye ikaendelea 15:9-17, amri ya kupendana na habari ya mtu anayeutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Katika umati ule walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo walioua majirani zao katika mauaji ya kimbari, wengi wao wakiwa wamebatizwa, matawi ya mzabibu uleule. Sidhani kama kuna mhubiri ambaye, akiachiwa achague, angethubutu kusoma wiki ile habari ya tawi linalokatwa na kutupwa. Lakini ndiyo iliyokuwa zamu yake.

Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi ili kuzuia wakimbizi zaidi. Kambi za Ngara zilikuwa bado zimejaa. Tarehe 31 Desemba 1995, Mwaka A ukiwa umeanza, Sikukuu ya Familia Takatifu ilileta Mathayo 2:13-15 na 19-23. Mistari 16-18, mauaji ya watoto wa Bethlehemu, imerukwa hapo kwa sababu ina siku yake, 28 Desemba. Wahubiri wengi hukaa kwenye sehemu ya kwanza: Yosefu anaamka usiku, anamchukua mtoto na mama yake, wanavuka kwenda Misri. Mimi naona sehemu ya pili ni nzito zaidi. Herode amekufa na malaika ameagiza safari ya kurudi, lakini Yosefu anasikia kwamba Arkelao ndiye anayetawala Uyahudi, anaogopa, kisha anageuza njia kwenda Galilaya. Hofu ya mkimbizi anayeambiwa kwamba kwao kumetulia imo ndani ya Injili yenyewe, na haikemewi. Desemba 1996 malaki ya wakimbizi walirudishwa Rwanda kupitia Rusumo.

Lusahunga, wilayani Biharamulo, iko kwenye njia hiyohiyo. Hapo barabara ya kutoka Biharamulo mjini hukutana na ile inayotoka Nyakanazi kwenda Nyakahura, Benaco na mpakani, na malori ya Dar es Salaam yaendayo Kigali hupita usiku na mchana. Mwaka C, Luka naye yuko barabarani. Kuanzia Dominika ya 13 Yesu amekaza uso kwenda Yerusalemu, na safari hiyo hutuchukua miezi kadhaa. Msamaria Mwema anasomwa Dominika ya 15, katikati ya Julai, kiangazi, vumbi limetanda. Watu wa huku hawana haja ya kufafanuliwa njia ya Yeriko: ipo miaka ambayo mabasi ya kupita misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Swali linalobaki ni lile la Luka, nani alikuwa jirani wa mtu yule, na linaulizwa mahali ambapo mgeni hushuka kwenye gari kila siku.

Wa kulijibu swali hilo si padre peke yake. Jimbo hili, Rulenge-Ngara, liliongozwa kuanzia 1969 hadi 1996 na Askofu Christopher Mwoleka, aliyekwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Mwoleka aliamini kwamba imani ni kushirikishana maisha, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma mbele jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976. Jumuiya ikisoma Injili ya Dominika ijayo katikati ya wiki, waamini hufika kanisani wakiwa na maswali yao tayari.

Kwa wanaoongoza jumuiya hizo katika kusoma nina mambo mawili. Katika Dominika za kawaida somo la kwanza limechaguliwa lishikamane na Injili, ila la pili linafuata mkondo wake, basi msijitese kulilazimisha lifanane. Na penye somo refu na fupi, someni refu. Dominika ya 24 ya Mwaka C, anayechukua fupi humwacha mwana mpotevu nje kabisa.

Kisha angalieni kalenda ya 2027, Mwaka B. Kuanzia 25 Julai tutamwacha Marko kwa Dominika kadhaa na kusoma Yohane sura ya 6, habari ya mkate wa uzima. Lakini 15 Agosti itaangukia Dominika, na Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni itachukua nafasi ya Dominika ya 20. Yohane 6:51-58, pale Yesu anaposema kwamba mwili wake ni chakula, haitasomwa kanisani Dominika hiyo. Tarehe 22 Agosti tutasikia wanafunzi wakinung'unika kwamba neno hilo ni gumu, na wengi wakimwacha, bila kuwa tumelisikia neno lenyewe kwa ukamilifu. Jumuiya zenyewe ziisome sehemu hiyo iliyorukwa, kabla ya Dominika ya 22 Agosti.