Posho Mill Isisimame: Kutayarisha Hedi ya Akiba



Vikundi vingi vina posho mill inayovutwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya Lister au zile zilizoigwa kwake huko India. Ni injini ya pole pole, mizunguko 650 kwa dakika, na ikitunzwa haichoki upesi. Lakini kikundi kimoja cha akina mama tunachokijua kilikaa wiki tatu bila kusaga, tena wakati wa mavuno. Maji yalipungua kwenye pipa, injini ikachemka, na kijana anayeiendesha akamwaga maji baridi hapo hapo. Hedi ikapasuka. Oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Wateja wakabeba mahindi yao hadi soko lingine, na wengine hawakurudi tena, huku mkopo ukiendelea kudaiwa. Kosa lingine ni letu sisi: tuliwasaidia kununua mashine, hatukuwaambia watafute hedi ya pili.

Hedi ya pili si lazima iwe mpya. Iliyotumika inaweza kufaa, lakini msiinunue kwa kuiangalia kwa macho tu. Isafisheni kwa brashi ya waya mpaka masizi yaishe. Pakeni mafuta ya taa, ngojeni kidogo, pangusieni kabisa, kisha nyunyizeni unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka ndani na kuchora mstari wenye unyevu kwenye chaki. Tazameni sana katikati ya valvu mbili, maana hapo moto ni mkali. Ikiwa na ufa, iacheni. Kuna mafundi watakaowaambia ati watachomelea, lakini chuma cha kumimina kikichomelewa kama geti hupasuka tena kikipoa.

Kisha laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, kutoka pembe hadi pembe. Mwanga ukipita chini yake, hedi imepinda. Ipelekwe mjini ikasawazishwe kwa mashine. Msikubali kusuguliwa kwa tupa.

Sasa valvu. Kabla ya kuzitoa, ziwekeni alama, ya kuingiza hewa isichanganywe na ya kutolea moshi. Springi ikiminywa, vile vipande viwili vidogo vinavyoishika huruka, na vikiangukia kwenye majani mtatafuta mpaka jioni. Tikisa valvu ndani ya njia yake. Ikicheza sana, njia imelika na ibadilishwe kwanza, la sivyo kazi yote ya kusaga ni bure.

Kusaga kwenyewe hakuhitaji umeme. Pakeni pasta kidogo kwenye ukingo wa valvu, mzungushe kijiti chenye mpira kwa viganja viwili kama mtu anayepekecha moto, mkiinua valvu kila mara na kuigeuza. Mkiona mstari wa kijivu umezunguka pande zote bila kukatika, basi, msiendelee. Osheni vizuri kabisa, kwa sababu pasta ikibaki itakula silinda. Rudisheni springi, mimineni mafuta ya taa kwenye tundu la valvu, mtazame upande wa chini. Pakibaki pakavu, mmefaulu.

Nozeli ipimwe kwa fundi wa pampu. Mtu asiweke mkono mbele yake inapopuliza: dizeli hiyo hupenya ngozi, na mwenye kupenywa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Siku ya kufunga, tumieni gasketi mpya, moja tu ya unene unaotakiwa. Hedi iliyokatwa mashine husogea karibu na pistoni, kwa hiyo fundi apime nafasi hiyo kwa waya laini ya risasi, akizungusha injini kwa mkono. Nati zikazwe kwa mpango wa msalaba, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho. Injini ikishafanya kazi na kupoa, zikazwe tena, halafu nafasi za valvu zipimwe upya kufuatana na kitabu cha injini, kwa kuwa kukaza kunazibadilisha.

Jambo moja hudharauliwa sana: unga. Vumbi la kinu huziba chujio cha hewa, injini ikatoa moshi mweusi, na watu wakalaumu pampu. Jengeni ukuta kati ya kinu na injini, na bomba la moshi litoke nje kabisa. Chujio kisafishwe mara kwa mara, na siku ya kubadilisha oili iandikwe kwenye daftari lile lile la mapato.

Hedi iliyo tayari ipakwe oili, ifungwe kwa nailoni pamoja na gasketi yake, ikae stoo ya kikundi, si nyumbani kwa fundi. Ile mbovu ikitoka, anzeni kuitengeneza wiki hiyo hiyo.