Mbolea hai na angre: namna ya kuzitumia pamoja kwenye pepinyeri ya ngazi



Tukifika kwenye pepinyeri zenu, mnatuuliza sana: «Agronome, tuweke mbolea hai ao tununue angre?» Jibu letu: zote mbili, lakini kila moja kwa wakati wake.

Mche wa ngazi unakaa pepinyeri karibu mwaka 1, kisha unazaa shambani miaka 20 na zaidi. Mbegu ya Tenera ni ya bei. Tena, mbegu iliyookotwa chini ya Tenera haizai Tenera tupu. Kila mche unaoungua ni hasara kubwa.

Angre kama NPK 17-17-17 ni chakula kilicho tayari. Inafanya kazi upesi, lakini mvua inaishusha chini, na ikizidi inaunguza mizizi. Mbolea hai ina viumbe vidogo sana. Kimoja ni mikoriza, uyoga unaoshikamana na mizizi. Nyuzi zake zinafika mahali mizizi haifiki, zinaletea mche fosfori. Mche nao unaulisha sukari. Lakini ukijaza angre ya fosfori, mche hauhitaji tena uyoga ule, na mikoriza inalegea: umelipa mara mbili bure. Mbolea hai peke yake nayo haitoshi, juu ya mche unaomba azoti na potasi nyingi.

Tufanye hivi:

1. Jaza sashe kwa udongo mzuri wa juu, sehemu 3, na mboji iliyoiva, sehemu 1. Usichote udongo chini ya ngazi zinazokauka kwa ugonjwa. Ugonjwa unaweza kuja pamoja na udongo.

2. Siku ya kuhamisha mche kwenye sashe kubwa, tia mbolea hai ndani ya shimo, iguse mizizi.

3. Ngoja wiki 4. Kisha anza angre, nusu ya kipimo mlichozoea, mara 1 kwa mwezi. Izungushe pembeni ya sashe, isiguse shina wala majani. Mwagilia maji mbele na nyuma.

Usichanganye angre na mbolea hai kwa ndoo moja. Usitie majivu pamoja na ure: azoti inapanda hewani. Ile harufu kali ni franga zako zinaondoka.

Tumekwisha kuona miche iliyoungua kwa sababu angre iliwekwa kwenye shina. Kosa lilikuwa letu pia: tulisema «wekeni angre», hatukuonyesha namna.

Basi msituamini kwa maneno tu. Tengeni mistari 3 ya miche 20: wa kwanza angre nzima, wa pili nusu ya angre na mbolea hai, wa tatu mbolea hai peke yake. Kila mwezi pimeni urefu, hesabuni majani, andikeni kwenye kaye. Mstari wa pili ukianza kuwa manjano, ongezeni angre kidogo kidogo.

Leteni kaye hiyo kwenye mkutano. Tutaisoma pamoja, ndipo koperative itajua inunue mifuko mingapi.