Mnyororo Uliomo Ndani ya Kandili

Katika nyumba nyingi za askari, ziwe kambini au mitaani, hukutwa vitu vitatu ambavyo ni wachache wavidhaniao kuwa ndugu: mtungi wa gesi ya kupikia, dumu la mafuta ya taa na mshumaa wa akiba. Vyote vitatu vimefanywa hasa kwa atomi za elementi mbili, kaboni na hidrojeni. Kinachovitenga zaidi ni urefu wa mnyororo.

Tuseme kila atomi ina mikono ya kushikia nyingine. Hidrojeni ina mmoja tu. Ikishamshika mwenzake, safari imekwisha. Oksijeni ina miwili, lakini atomi zake zikifuatana hushikana kwa unyonge na kuachana upesi. Salfa hujitahidi zaidi, kwani atomi zake 8 hushikana zikafanya pete. Silikoni ina mikono minne na huweza kufanya minyororo mifupi, ila ile iliyoshika hidrojeni huweza kuwaka yenyewe iguswapo na hewa. Kaboni nayo ina minne, na kaboni hushika kaboni kwa nguvu. Mikono miwili hushika jirani wa huku na wa huku, na miwili iliyobaki hushika hidrojeni, hivyo mnyororo waweza kurefuka pasipo kukatika. Jambo hili lilielezwa mwaka 1858 na wataalamu wawili, kila mmoja kivyake: Mjerumani August Kekulé na Mskoti Archibald Couper.

Sasa tutazame urefu wenyewe. Gesi ya mtungi ni minyororo ya kaboni 3 au 4. Petroli huwa na kaboni 4 hadi 12 hivi, mafuta ya taa 10 hadi 16, na nta ya mshumaa 20 hadi 40. Minyororo mifupi haishikamani sana na wenzake, kwa hiyo huruka hewani kwa urahisi. Mirefu hulaliana kama nyuzi zilizotatizika, hata ikahitaji joto kuitenganisha. Ndiyo sababu gesi haina budi kufungiwa katika chuma, na mshumaa husimama mezani bila ya chombo. Mnyororo wa maelfu ya kaboni ndio polithini, iliyopatikana kwa bahati huko Uingereza mwaka 1933, ikafunika nyaya za rada wakati wa Vita Kuu ya Pili kabla ya kuwa mfuko wa sokoni.

Lakini linalotuhusu zaidi ni kandili. Yafaa ifahamike kwamba mafuta yakiwa maji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ambapo mafuta ya taa huhitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Katika kandili, utambi huyapandisha mafuta kidogo kidogo hadi penye moto, na tangi la chini hubaki shwari. Petroli ikiingia humo, hata kidogo, tangi hujaa mvuke, na moto ukiufikia taa huweza kulipuka mbele ya mtoto asomaye.

Petroli huingiaje? Mara nyingine ni dumu lililotumika kwa pikipiki likapelekwa dukani kununulia mafuta ya taa. Mara nyingine ni tamaa ya muuzaji. Wako pia wachanganyao mafuta ya taa katika dizeli, na kwa kuwa minyororo yake yakaribiana urefu, dereva hatambui upesi. Mwaka 2018 Kenya iliyatoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuzuia hila hiyo.

Basi dumu la mafuta ya taa liwe lake peke yake, litiwe alama, na mafuta yatakayonukia petroli yasitiwe tangini. Kandili izimwe na kupoa kabla ya kuongezwa mafuta. Na moto wa mafuta ukizuka usimwagiwe maji, kwani mafuta huelea juu ya maji na kwenda nayo yakiwaka hadi chini ya kitanda. Mchanga ndio huuzima, au blanketi zito lililoloweshwa.