Istilahi za Springi na Kimo katika Magari Nakala ya Spoti

Magari ya spoti ya zamani yamekuwa adimu na ghali. Kwa hiyo wapo wajengao magari mapya kwa umbo lile lile. Mojawapo ya yanayoigwa sana ni Cobra ya kampuni ya AC ya Uingereza, iliyoanza kuundwa mwaka 1962. Tusiyaite magari hayo "bandia", kwani neno hilo hudokeza udanganyifu. Tunapendekeza gari nakala.

Huko Uingereza, nakala nyingi za Cobra zimejengwa kwa vipuri vya Jaguar XJ6, gari lenye uzito upitao tani moja na nusu. Nakala yenye bodi ya faibaglasi huwa nyepesi zaidi kwa mamia ya kilo. Springi zilizokusudiwa mzigo mkubwa hazibonyei vya kutosha. Gari husimama juu na kurukaruka barabarani. Chukua springi ihitajiyo nyutoni 40 ili ibonyee milimita 1. Ikibeba nyutoni 3,000 hubonyea milimita 75. Ikibeba 2,000 hubonyea 50 tu.

Hapa yafaa tutenganishe dhana mbili. Kimo ni umbali kutoka ardhini hadi alama maalumu ya fremu, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Uwazi wa chini ni umbali hadi sehemu iliyo chini kuliko zote, kama vile sampu ya oili au bomba la moshi. Magari mawili yaweza kulingana kwa kimo, moja likapita juu ya jiwe na jingine likatoboka.

Wengine hukata springi ili kupunguza kimo. Ikumbukwe kwamba springi yenye mizunguko 10 inayofanya kazi, ikikatwa 2, huwa ngumu zaidi kwa asilimia 25. Gari hushuka, lakini ugumu uliokuwa umezidi tayari huongezeka. Dawa ni springi laini inayolingana na uzito wa gari.

Istilahi "kizuia mshtuko", inayotumiwa kwa shokomzoba, nayo hupotosha. Mshtuko hupokewa na springi. Shokomzoba hutuliza mcheuko wa springi baada ya hapo. Aliyepotoshwa na jina hilo hubadilisha shokomzoba za kawaida akitumaini gari litashuka, naye hupoteza fedha bure, maana zibebazo uzito ni springi. Heri tuseme kitulizi.

Mwisho, utaratibu. Kwanza upepo wa matairi urekebishwe, na mzigo ulio sawa na dereva uwekwe kitini. Ndipo kimo kipimwe na kurekebishwa. Mwelekeo na mlalo wa magurudumu hufuata, kwani kimo kikibadilika navyo hubadilika. Anayeanza na magurudumu atairudia kazi yote.

Istilahi hizi tunaziweka mbele ya mafundi na walimu wa ufundi wazipime kazini. Neno litakalomwongoza fundi kwenye kipuri anachokihitaji ndilo listahililo kusanifiwa.